"SHUKA UTAMBAE"!! Huyu msimamizi wa pori la uwindaji ana utu kweli?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, yule wa getini mwenye filimbi, anayejiona pori kaachiwa urithi. Leo mbele za watu kaniambia: "Kama huwezi kutembea, shuka utambae."

Nitambae! Natumia kiti mwendo. Kibali cha kupiga risasi nikiwa ndani ya gari ninacho, kina sahihi na mhuri. Gari limesimama nje ya barabara, injini imezimwa, risasi sijaingiza mpaka gari lilipotulia. Yeye kakigeuza kibali juu chini, kakisoma mpaka swala wamehama, wamezaa, wamepata wajukuu. Kisha ndiyo akanitolea hilo la kutambaa.

Marufuku ya kuwinda kwa gari naielewa. Watu walikuwa wanafukuza wanyama mpaka wanaishiwa pumzi, wengine wanafyatua kukatiza barabara. Ikatazwe! Lakini mimi simfukuzi mtu wala mnyama, nimeegesha. Wisconsin huko Marekani wanatoa kibali cha namna hiyo hiyo, unapiga ukiwa ndani ya gari lililosimama. Na sheria yao ya walemavu ya 1990 inaruhusu kiti cha magurudumu hata kwenye nyika zilizofungiwa magari. Huyu wetu anataka nitambae. NITAMBAE, wakuu!

Jicho la Tai: Huyo huyo! Mzee wangu ana mguu bandia, alitaka auvue aukague.

Porini Daima: Pole, ila punguza kelele. Mnyama akijeruhiwa nani angemfuatilia, kiti?

Mwenye uzi: Msaidizi wangu alikuwepo! Kusikia "utambae" darubini ikamdondoka.

Risasi Moja: Wanaotuharibia ni wale wazima wanne kwenye pikapu moja, wanajificha nyuma ya kibali cha mlemavu mmoja. Wote wanafyatua.

Jicho la Tai: Afadhali hao. Wale wa pikipiki za magurudumu manne alfajiri je? Pori zima linaamka.

Mgeni Mwema: Mnagombania gari? Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977.

Risasi Moja: Nani kakuita?

Mwenye uzi: Jamani, tunazungumzia kuambiwa NITAMBAE.

Porini Daima: Tumesikia mkuu. Hizo pikipiki hata mimi zimenichosha, na wanaowamulika wanyama taa usiku ili wawapige ndio wabaya zaidi.

Jicho la Tai: Wa taa wafunguliwe uzi wao kabisa.