Nahodha ametujazia samaki haramu kwenye boti Galveston, halafu wenzangu wanataka ninyamaze

Wakuu, salaam. Siku ya tatu leo sijatulia, nimeona bora niandike hapa kifua kishuke.

Tulikuwa wanne, wote wakazi wa Houston: mimi, shemeji yangu na rafiki zetu wawili. Tukachanga dola 800 kukodi boti na nahodha wake kwa siku moja, twende kuvua trauti wa maji chumvi East Bay, sehemu ya Ghuba ya Galveston hapa Texas, upande wa ndani wa rasi ya Bolivar. Kwa msiomjua, huyu hana undugu na trauti wa mito baridi ya Mlima Kenya, wamegongana jina tu. Huyu wa huku ana madoa meusi mgongoni hadi mkiani, kinywa ndani ni cha njano, na mbele ya taya la juu ana meno mawili yaliyochongoka kama ya mbwa. Mdomo wake laini mno. Ukivuta kwa pupa, ndoano inachana inatoka.

Asubuhi ilianza vizuri, sitasema uongo. Kulipopambazuka nahodha alizima mashine akatuonyesha sehemu ambayo maji yalilala kimya, yanang'aa kama yamemwagiwa mafuta. Akasema nuseni. Wallahi nilisikia harufu ya tikiti maji lililopasuliwa muda huo huo! Trauti wakiwa wanakula chini, mafuta ya samaki wadogo wanaowatafuna hupanda juu na kuleta harufu hiyo. Mimi nimekulia Tanga, mtoto wa mvuvi, na jambo hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Kwa dakika ile nilimheshimu sana yule mzee.

Heshima ikaishia kwa samaki wa kwanza mdogo. Tulikuwa tunatumia chambo hai, visamaki ambavyo trauti anavimeza mpaka ndani kabisa. Shemeji akatoa mmoja wa inchi 13. Sheria ya Texas inasema chini ya inchi 15 anarudi majini. Ndoano ikishazama kooni unakata mshipi karibu na mdomo, unamwachia, ana nafasi ya kuishi. Yule mzee alimkaba samaki kichwani akavuta kwa nguvu, matamvua yakatoka na ndoano. Akamtupa. Samaki akaelea tumbo juu, mdomo unafunguka na kufunga, mpaka mwari akaja kumchukua. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimehesabu saba wa namna hiyo. Saba! Na kila nikisema "kata mshipi", anajibu ndoano zinagharimu hela.

Sasa sikilizeni kilichonichoma zaidi. Kila mvuvi anaruhusiwa trauti 3 kwa siku, wa inchi 15 mpaka 20. Zamani walikuwa 5. Ile baridi kali ya Februari 2021 iliua samaki wasiopungua milioni 3.8 pwani nzima ya Texas, maji ya ghuba ni ya kina kifupi, samaki hawakuwa na pa kukimbilia. Trauti waliumia sana, na mwaka 2024 kiwango kikashushwa hadi 3. Aliyezidi inchi 28 unaweza kumchukua mmoja kama una tagi yake, yaani lebo ya kibali. Wa katikati hapo haguswi, kwa sababu hao wakubwa karibu wote ni majike, ndio wazazi.

Rafiki yetu akamtoa mmoja mkubwa. Nilimpima mimi mwenyewe, mdomo umefungwa, mkia umebanwa: inchi 23. Nikamwinamisha majini nimwachie, nahodha akanipokonya mkononi, akamzika chini ya barafu, juu yake akapanga soda zetu. Anasema "hawakaguagi huku". Wanne mara watatu ni kumi na wawili. Tulirudi na kumi na sita, huyo jike akiwemo! Kisingizio chake eti na yeye ana fungu lake. Hana. Sheria ya hapa inamtoa nahodha na msaidizi wake kwenye hesabu ya boti iliyokodiwa. Mtu ana leseni ya kazi hiyo, hajui?

Na mmoja wetu anasubiri kuitwa kula kiapo cha uraia. Mnaelewa maana yake? Angetokea askari wa wanyamapori pale gatini akafungua lile boksi, nahodha angelipa faini arudi kazini kesho yake. Mwenzetu je, miaka yake yote ya kusubiri?

Gatini akampasua yule jike mezani mbele yetu. Mayai yalijaa mafungu mawili marefu, ya rangi ya chungwa, yamebana tumbo lote. Mwezi Mei, ndio kwanza msimu wa kutaga, na jike mmoja hutaga mara nyingi hadi Septemba. Akayafagia kwa kisu yakaangukia kwenye ndoo ya uchafu. Nikamwambia salio la dola 400 hapati. Shemeji akanivuta pembeni: "Kaka, usituharibie siku, samaki ni samaki." Akamlipa kutoka mfukoni mwake.

Samaki ni samaki? Shemeji, wewe na mimi tumeona baruti kule kwetu. Tumeona matumbawe yamebaki kifusi, na baba anatoka usiku kucha anarudi na samaki wa mboga moja. Waliolipua nao walikuwa wanasema bahari haiishi. Halafu tunavuka dunia nzima, tunafika mahali ambapo watu wamekaa wakapanga idadi ili ghuba yao ipone, sisi tunawalipa wanaoivunja?

Nyongeza: tangu niandike haya, kuna wawili wameshaniandikia pembeni eti nimewadhalilisha wenzangu. Sijamtaja mtu hapa, wala boti. Ila picha ya yule samaki juu ya rula ninayo, nimeshapiga simu kwenye namba ya kuripoti, na nikiitwa kutoa maelezo nitakwenda.

Jana nahodha kanitumia ujumbe anaomba nimpe nyota tano. Shemeji naye ameacha mfuko wa minofu kwenye friza yangu. Nimemwambia aufuate kabla ya Ijumaa.