Kamba bandia au kamba wabichi: nani anafaa zaidi horini?

MwanaKilifi

Hamjambo wavuvi wenzangu. Nina swali kwa wale waliowahi kuwatia majini kamba bandia, yaani chambo cha kutengenezwa chenye umbo la kamba, kwa mikono yao wenyewe.

Mimi huvua kwa kayaki ndani ya hori la Kilifi, kuanzia chini ya daraja hadi kule juu mikoko inakosongamana. Miaka yote chambo changu kimekuwa kamba wabichi au minyiri ya ngisi. Juzijuzi shemeji yangu alirudi kutoka Marekani na pakiti tatu za kamba bandia, kila moja ya chapa yake. Ya kwanza ni D.O.A. wa inchi 3, gramu 7 hivi, mpira laini, ndoana na risasi vimeshatiwa ndani. Unamtoa, unafunga, unarusha. Ya pili ni Gulp, wamelowekwa kwenye maji yenye harufu kali, hawana ndoana. Ya tatu ni EZ ShrimpZ wa Z-Man, mpira unaovutika kama wa manati; hawa wangu nao walikuja bila ndoana, na ukimwacha mmoja peke yake majini anaelea.

Nimekwenda nao mara 11, alfajiri, kwa fimbo nyepesi na mshipi wa kusuka wa ratili 15, mbele nikiunga mshipi mgumu wa ratili 30 urefu wa mkono mmoja. Nimepata kolekole tisa, wote wa saizi ya kiganja hadi kilo moja, na chewa wawili wadogo niliowarudisha. Kungu mmoja wa mikokoni alinikatia kwenye mizizi kabla sijamwona vizuri. Nilimwona wekundu wa ubavu tu. Lakini bunju wamenimaliza! Wanakata mkia wa kamba laini kwa nusu duara, safi kama kwa mkasi, na mkononi husikii kitu. Asubuhi moja walikula wanne.

Sasa pakiti zinaisha. Nikiagiza tena, niagize wa aina gani? Au nirudi kwa kamba wabichi nisahau mambo haya?

NahodhaTanga

Mwanangu, kabla ya kuuliza kamba gani, jiulize kamba mwenyewe anaishi vipi. Mimi nimevua kwa mshipi wa mkono tangu nikiwa mdogo na nitakwambia nilichokiona.

Kamba hakimbii kwenda mbele. Akitulia hutambaa polepole kwa miguu, au huelea akipiga vile vijiguu vya tumboni, huwezi kujua kama anakwenda. Akishtuka hukunja mkia na kurudi kinyumenyume, mara moja, mbili, kisha anashuka tena chini. Basi. Anayemvuta kamba kama anavuta dagaa, awe bandia awe wa kweli, anamwonyesha samaki kitu ambacho samaki hajapata kukiona.

Jambo la pili ni maji. Kamba wadogo hulelewa mikokoni, na wakikua hutoka kwenda baharini. Maji yakianza kupwa, hasa usiku na alfajiri wakati wa bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa sana, hutoka kwenye vijito pamoja na mkondo. Kolekole na kungu wanajua. Hukaa pale mdomoni mwa kijito, ubavuni, palipo na maji tulivu kando ya mkondo, wanangoja riziki iletwe. Wewe ukirusha maji yanapojaa katikati ya hori, umerusha mahali pasipo na mwenyewe.

Kuhusu bei sitaki kusema mengi. Kwangu mimi pakiti moja ya hao wa mpira ni zaidi ya kilo nzima ya kamba wabichi, na kamba wakibaki nakwenda nao nyumbani wanapikwa.

Mswahili_Tampa

Asante Nahodha, hapo kwenye kwenda kinyumenyume umegusa penyewe. Mimi ni mtu wa Mombasa, ninaishi Florida, na huku ndiko hawa D.O.A. walikotengenezwa. Walibuniwa kwa maji kama ya Tampa Bay: kina kifupi, nyasi chini, mikoko pembeni. Sura ya mahali haiko mbali sana na hori zetu, ila huku maji hayapandi na kushuka hata mita moja kwa siku nyingi, na kwetu bamvua inakaribia mita 4. Tofauti hiyo ndiyo itakayokusumbua, MwanaKilifi. Kamba wa gramu 7 anashuka taratibu, na huo ndio uzuri wake, lakini ukimweka kwenye mkondo wa bamvua chini ya daraja hafiki chini kabisa. Anapeperushwa juu juu. Kwa maji mafu, siku zile yasipopanda na kushuka sana, atakufaa, na vilevile kwa vijito vya ndani. Kwa mlango wenye mkondo chukua kamba asiye na kitu ndani, mtie kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu 14 au zaidi.

Sasa namna ya kumwendesha, maana naona watu wengi wanaharibu hapa. Ukisharusha, acha ashuke huku mshipi umelegea kidogo tu, uutazame. Mara nyingi samaki hula anaposhuka, na utakachoona ni mshipi kukaza au kusogea pembeni. Akifika chini, inua ncha ya fimbo shibiri moja, mwache ashuke tena. Zungusha rili kuondoa ulegevu tu. Ukidhani unakwenda polepole, punguza tena.

Kuna mtindo wa huku ambao utampendeza Nahodha. Wenye D.O.A. hukata kile kipepeo cha mwisho wa mkia, wanaingiza ndoana kutokea upande wa mkia, ncha wanaificha ndani ya mpira. Hapo ukivuta, kamba anakuja nyuma-nyuma kama aliyeshtuka, na hanasi kwenye mizizi. Kwa kungu wa mikokoni mimi nisingefunga kwa namna nyingine.

Maji yakiwa machafu tunamtundika chini ya boya lenye mdomo uliobonyea. Ukilipiga mtikisiko linamwaga maji chubwi! kama samaki aliyeruka juu kula, na kamba ananing'inia chini yake kiasi cha nusu mita. Piga, hesabu hadi kumi, piga tena. Mtoto wa miaka sita anaweza, na wangu wa kwanza alipata samaki wake hivyo.

BiMshipi_Pangani

Mimi navua mdomoni mwa mto hapa Pangani, kutoka ukingoni, kwa fimbo. Masika yakiingia, maji yetu ni rangi ya chai ya maziwa, na huwezi kuona kiganja chako kikizama. Kwa hiyo jibu langu litatofautiana na la ndugu yetu wa Florida.

Kwenye maji ya tope, mwenye harufu anawashinda wote. Nimefanya jaribio hili zaidi ya mara moja: fimbo mbili, mahali pamoja, kichwa cha risasi kile kile, huku kamba wa mpira mtupu, huku wa harufu. Wa harufu anaguswa kwanza. Usiku ndiyo kabisa. Nami sihitaji kumchezesha, namlaza chini tu, kila baada ya muda namsogeza. Hata hongwe wanamchukua, na hongwe mwenye afya anakupa kazi ya kutosha.

Ila ana masharti yake. Ukimwacha juani kwenye ndoana anakauka, anakuwa mgumu kama kipande cha ngozi ya kiatu, na hatoki tena kwenye ile ndoana bila kisu. Baina ya mrusho na mrusho mchovye majini. Waliobaki wakae kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na maji yao, kifuniko kikazwe sawasawa.

Na tafadhali, mwenye kamba wa mpira ule unaovutika asiwaweke pamoja na mpira wa kawaida. Hiyo si mipira ya jamii moja. Mimi sikujua, nikawatia wote kwenye kisanduku kimoja, nikakifungia kwenye joto. Siku ya tatu nilikuta tope la rangi mbili limegandana na kisanduku chenyewe. Niliumia sana, kwa sababu hapa huwezi kutoka tu ukaenda dukani kununua wengine.

Rangi: watu hukimbilia waridi na wekundu. Mwangalie kamba hai mkononi, ana rangi ya kioo chenye vumbi, unaona hadi mshipa wa mgongoni. Wekundu unakuja sufuriani. Kwenye maji meupe ya kaskazi mimi natumia wa rangi ya asali inayopitisha mwanga. Kwenye tope nachukua cheusi au kahawia iliyokolea, samaki aone kivuli.

NahodhaTanga

Bi, hilo la kivuli ni kweli. Hata chambo cha ngisi usiku, tunaacha ile ngozi yake nyeusi.

Nami niseme jambo moja kwa haki. Kamba mbichi ana udhaifu mkubwa, nao ni chaa na samaki wadogo wenzake. Unashusha, wanakudonoa kichwa, wanakudonoa miguu, kabla mkubwa hajafika una ndoana tupu. Unapandisha, unavika, unashusha. Saa nzima inakwenda. Wa mpira hadonoleki hivyo, anabaki majini mpaka mwenye mdomo mkubwa apite. Hapo sina ubishi.

Muscat_Ngisi

Salaam kutoka Muscat. Naongeza mlango mwingine, maana nyote mmezungumzia kamba wa ndoana moja.

Huku Oman kamba bandia anayetumika sana ni yule wa Kijapani wa kuvulia ngisi na dome. Wajapani humwita egi. Mwili umevikwa kitambaa, kifuani ana kipande cha risasi, na nyuma badala ya ndoana ana taji la miiba midogo iliyopinda juu. Ngisi hamezi, anakumbatia, na minyiri yake ndiyo inanasa. Namba 3 ni karibu sentimita 9 na gramu 15, hiyo inatosha kuanzia. Unamwacha azame, unampiga juu mara mbili kwa nguvu, unamwacha tena. Uzito ukiongezeka ghafla kama umenasa mfuko wenye maji, ndiye huyo. Vuta bila kulegeza, miiba haina vishikizo, ukilegea anatoka.

MwanaKilifi, pale darajani taa zinapomulika maji usiku, nina hakika ngisi wapo. Ukimpata mmoja umepata kitoweo na chambo cha kesho.

BiMshipi_Pangani

Kabla sijasahau. Mwaka huu nilimpasua chewa na kumkuta na kipande cha mpira tumboni, kinene kama kidole gumba, kimevimba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, na Tanzania ikafuata 2019, kisha sisi wavuvi tunatupa mikia ya mpira kwenye maji yale yale tunayokula kwayo. Aliyekatwa na bunju arudi mfukoni. Naweka chupa tupu kiunoni kwa kazi hiyo tu.

MwanaKilifi

Nimerudi na habari, na shukrani nyingi kwa kila aliyeandika.

Bamvua hii nilifanya kama alivyosema Nahodha. Niliingia saa kumi na moja alfajiri, maji yameanza kupwa nusu saa nyuma, nikatia nanga ubavuni mwa kijito, si katikati. Nilikata kipepeo cha mkia, nikamvika D.O.A. kinyumenyume kama alivyoelekeza ndugu wa Tampa. Nikarusha juu ya mkondo na kuacha maji yamlete mdomoni mwa kijito. Sikuvuta. Mara ya nne mshipi ulisimama, kisha ukaanza kwenda kushoto, dhidi ya maji. Kolekole wa kilo mbili na robo, nimempima nyumbani kwa mizani ya jikoni. Baada yake wengine wawili, na kungu mmoja wa nusu kilo ambaye safari hii hakuona mizizi.

Bunju walikuja jua lilipochomoza. Hapo niliwafungua wale laini na kufunga yule anayevutika, kwenye kichwa cha gramu 14. Walimtafuna, nilihisi tik, tik, tik kwenye mshipi, lakini nilipomtoa alikuwa na alama za meno tu. Na kwa kuwa anaelea, akifika chini husimama mkia juu, kichwa kwenye mchanga, kama kamba anayechimba. Hilo nililitazama kwa macho yangu kwenye maji ya magotini, nikalirudia mara nyingi.

Kwa hiyo ninaagiza hivi: pakiti mbili za wanaovutika kwa ajili ya mchana na bunju, moja ya D.O.A. kwa vijito alfajiri. Wa harufu nitamngoja hadi masika, mito ikishateremsha tope. Kamba wabichi siwaachi, siku ya maji mafu samaki wakigoma nitawarudia.

Nahodha, nimekuwekea wawili wa gramu 7. Kuna jamaa yangu anakuja Tanga kwa basi Alhamisi. Wafunge kwenye mshipi wako wa mkono bila fimbo, nataka kujua kidole chako kinahisi nini ambacho fimbo yangu hainiambii.

NahodhaTanga

Nimepokea. Nitawashusha Ijumaa baada ya sala, maji yatakuwa yanapwa.