Ajenti wangu anachanganya zana, maelezo yake yaandikweje?

kondakta_wa_kodi
Heshima kwenu wakuu. Natengeneza ajenti wa WhatsApp, yaani programu ya AI inayochati na wateja na kufanya kazi yenyewe, wa kukatia tiketi za basi, Dar kwenda Mbeya, Arusha, Moro na kwingineko. Nimeipa modeli ya AI zana tatu (vipande vya kodi inavyoweza kuviita), tafuta_safari, angalia_ratiba na pata_basi, maelezo nimeweka mafupi tu, "Inatafuta safari", "Inaonyesha ratiba", "Inapata basi". Sasa mteja akiuliza "kesho kuna basi la Mbeya la saa mbili asubuhi?" mara inaita ratiba, mara inaita pata_basi ambayo inataka namba ya safari, na namba hana basi inajitungia yenyewe!! Halafu saa inatuma 02:00. Nimehamia modeli kubwa zaidi, nafuu kidogo tu. Prompti nayo, yale maelekezo ya jumla kwa modeli, nimeijaza maonyo mpaka inatisha. Shida ni modeli au ni maelezo?

bibi_terminali
Maelezo hayo kaka. Modeli haioni kodi yako hata mstari mmoja, inachoona ni jina la zana, maelezo, na skima ya vigezo (orodha ya taarifa ambazo zana inadai na aina zake), basi. Wewe unajua pata_basi ni ya kuangalia viti vya safari ambayo namba yake tayari unayo, yeye atajulia wapi? Mtu anatafuta basi, zana inasema "inapata basi", hata mimi ningeiita hiyohiyo. Hiyo iite viti_vilivyobaki. Na hizo mbili nyingine zinafanya kazi moja, ziunganishe ziwe tafuta_safari. Maelezo ya tafuta_safari ningeandika hivi:

"Inatafuta safari za basi kati ya miji miwili kwa tarehe moja. Itumie mteja akiuliza kama kuna basi, linaondoka saa ngapi au nauli ni kiasi gani. Usiitumie kuangalia viti, kwa hilo ita viti_vilivyobaki. Inarudisha namba ya safari, saa ya kuondoka na nauli kwa shilingi. Safari ambazo zimeshaondoka hazionyeshwi."

Anthropic, wale wenye modeli za Claude, kwenye nyaraka zao wanashauri angalau sentensi 3 hadi 4 kwa kila zana. Hiyo "usiitumie" ndo watu wengi wanairuka, na ndo inayomaliza ugomvi kati ya zana zinazofanana.

pwani_dev
Kuhusu saa, hapo usiilaumu modeli, wewe umeandika tu "saa" na ikaachiwa ibahatishe. Kwenye maelezo ya kigezo chenyewe weka: mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, mteja akisema saa mbili asubuhi tuma 08:00, saa mbili usiku tuma 20:00, asiposema asubuhi wala usiku muulize kwanza. Mifano miwili mitatu ya hivyo inatosha. Tarehe iwe mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-03-09, kwa mpangilio huo huo kila siku, na hiyo "kesho" haitaijua kama hujaiambia leo ni tarehe ngapi. Miji usiiache wazi, weka orodha maalum kwenye skima ichague humo, si unaona mtu anaandika Moro, mwingine Morogoro, mwingine Msamvu kabisa.

tokeni_ghali
Mnamshauri aandike insha lol. Maelezo yote hayo yanaingia kwenye kila ombi na tokeni (vipande vya maneno inavyosoma modeli) zinalipiwa, mtu akiunganisha seva kadhaa za MCP, zile zinazoleta zana za nje kwa ajenti, anajikuta na zana kibao hata mteja hajasema habari za asubuhi.

bibi_terminali
Kweli, ila dawa ni kupunguza zana, sio kufupisha maelezo yake mpaka hazieleweki. Yeye atabaki na mbili tatu, na sehemu isiyobadilika unaweza kuiweka kwenye kashe, ihifadhiwe isichakatwe upya kila ombi. Afu sio kila kitu ni kuongeza maneno. Anthropic Desemba 2024 walieleza kwamba kwenye ajenti wao wa SWE-bench (jaribio la kupima AI kwa kurekebisha kodi) walitumia muda mwingi kurekebisha zana kuliko prompti, modeli ilikuwa inakosea njia za mafaili ikishahama folda, wakabadilisha zana ikubali njia kamili tu, ile inayoanzia mwanzo wa diski, kosa likaisha. Kwa hiyo pata_basi ibadilishe jina iwe viti_vilivyobaki, na kigezo kiite namba_ya_safari, maelezo yaseme inatoka kwenye majibu ya tafuta_safari, isibuniwe.

mlinzi_wa_usiku
Na majibu ya makosa yaandike kwa akili ileile. Ukirudisha "Kosa 400" itarudia hivyohivyo mpaka uchoke. Rudisha "Namba hii ya safari haipo, ita tafuta_safari kwanza upate namba sahihi", utaona inajirekebisha.

kondakta_wa_kodi
Shukrani wakuu, nimebaki na mbili na saa imekaa sawa. Sasa nataka kuongeza futa_tiketi, nikiandika "usiite kabla mteja hajathibitisha" itatosha?

mlinzi_wa_usiku
Andika, ila usiiamini hiyo peke yake mkuu. Uthibitisho ukae kwenye kodi, mteja abonyeze ndiyo kwenye simu yake, seva ndo ifute, na seva ihakikishe tiketi ni ya namba ya simu hiyo hiyo inayochati.