Ni mtindo upi wa viraka vya kukunja unaofaa kwa mabaki ya vitenge?

Mshonaji wa Ipagala

Ndugu zangu washonaji, salaam. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikihifadhi vipande vya vitenge na kanga vinavyobaki baada ya kushona magauni ya wateja, na sasa kapu limefurika. Kabla ya baridi ya Juni ningependa kumshonea binti yangu shuka la viraka, lakini si la miraba mitupu, kwa kuwa nimevutiwa na mitindo ambayo kitambaa hukunjwa kikaachwa kiinuke juu ya shuka. Ninyi mnapenda upi, na je, unastahimili kufuliwa kwa mikono na vumbi letu la Dodoma?

Fundi wa Nkuhungu

Dada, mimi ningeanza na Bata Bukini Warukao, mtindo wa zamani wa Marekani ambao kila kipande chake ni pembetatu moja kubwa iliyokaa ndani ya mstatili, nazo pembetatu zikipangwa kwa safu huonekana kama ndege waliomo safarini. Kwa kawaida hukatwa pembetatu tatu na kuunganishwa, na hapo ndipo ncha hupotea ndani ya mshono, ila kwa njia ya kukunja hukati pembetatu hata moja. Kata miraba miwili ya sentimita 9 na mstatili mmoja wa 9 kwa 16.5. Kunja mstatili katikati ya urefu wake, uso wa kitambaa ukiwa nje, kisha uweke kati ya ile miraba miwili inayotazamana uso kwa uso. Kingo zilizo wazi zilingane chini, na mkunjo ubaki sentimita 0.75 chini ya ukingo wa juu. Shona upande mmoja tu kwa nafasi ya sentimita 0.75, fungua, vuta kingo za chini kushoto na kulia, halafu piga pasi. Utapata pembetatu yenye mfuko mdogo kila upande, na ncha yake itakuwa salama siku utakapounganisha safu.

Kuhusu nyota ya kukunjwa, ile ya pembetatu nyingi zilizopangwa kwa tabaka kutoka katikati, nakushauri uiache kwa vishikio vya sufuria. Unene wake ni mzigo kwa mtu aliyelala, na hukauka polepole.

Mama Mishono, Kongwa

Nakubaliana na fundi kuhusu nyota, lakini moyo wangu uko kwenye Madirisha ya Kanisa Kuu. Unakata mraba wa amerikani wa sentimita 31.5, unapinda kingo zote ubaki na 30, unaleta pembe nne katikati na kupiga pasi, kisha unarudia mara ya pili hadi upate mraba wa 15, ambao pembe zake unazishikiza katikati kwa uzi imara. Miraba miwili ikishaunganishwa, juu ya kiungo chake unaweka kipande cha kitenge cha sentimita 10, halafu mikunjo iliyo pembeni unaigeuza juu yake na kuishona. Kwa kuwa mikunjo hiyo imelala kwa mshazari, hupinda kwa urahisi kama upinde wa dirisha. Shuka la namna hii halihitaji bitana wala pamba ya katikati.

Ubaya wake ni kwamba linakula kitambaa. Shuka la sentimita 150 kwa 210 linataka miraba 140, na amerikani yenye upana wa sentimita 115 hutoa mitatu tu kwa kila mkato, kwa hiyo andaa takribani mita 15. Kapu lako litakupa madirisha, kuta utazinunua.

Bibi wa Mpwapwa

Wanangu, mmesahau Nyumba ya Magogo, ambayo ni vipande virefu vinavyozunguka mraba wa katikati, mara nyingi mwekundu, ambao husemwa kuwa ni moto wa nyumbani. (Sisi Wagogo mtindo huu tungeuita Tembe, kwa jina la nyumba yetu ya asili.) Wanawake wa Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, walikuwa na namna yao ya kuishona, wakipima kwa shibiri na vidole bila rula, huku kila kipande kikikunjwa na kushonwa moja kwa moja juu ya kitambaa cha chini, hivyo uso wa shuka hupata ngazi ndogo ndogo. Mikunjo hiyo haina mdomo wa kukusanya mchanga kama ile mifuko ya fundi, na hata kipande chembamba cha pindo la kanga hupata kazi. Jambo moja tu: usichanganye kitenge cha pamba na kile cha poliesta, maana pasi inayonyoosha cha kwanza huweza kuunguza cha pili.

Mshonaji wa Ipagala

Shikamoo Bibi, na asanteni wote. Jana nilijaribu bata bukini wanne na ncha zote zilitoka kali, ila fundi, ile mifuko niliifunga kwa mishono miwili ya mkono kila upande, kwa sababu ya upepo wa huku. Nyumba ya Magogo itakuwa katikati ya shuka na bata watazunguka pembeni. Mita 15 za amerikani zitasubiri mwaka ambao wateja watalipa kwa wakati.