MJADALA: Kwotabeki kijana akisuasua, avumiliwe au timu ikachague mwingine?

Mleta mada:

Wakuu, swali hili hurudi kila Aprili drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, inapokaribia, na watu hulijibu kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Timu ina kwotabeki kijana, yule anayepokea mpira karibu kila shambulio na kuamua uende kwa nani. Anaboronga. Na kwa kuwa timu imepigwa msimu mzima, ligi inaipa nafasi ya juu ya kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Ambaye yupo abaki, au aletwe mpya?

Msimamo wangu: mara nyingi anayeondolewa si mwenye kosa. Ushahidi wangu ni timu ya New York Jets na aliyekuwa kwotabeki wao, Sam Darnold.

Kijana walimtafuta wenyewe. Mwaka 2018 waliwapa timu ya Colts zamu yao ya kuchagua (chaguo) namba 6 pamoja na machaguo matatu ya raundi ya pili, ili tu wapande hadi namba 3 wampate. Alikuwa na miaka 20. Baada ya msimu mmoja kocha Todd Bowles akatimuliwa, akaja Adam Gase. Mei 2019 meneja mkuu aliyemchagua, Mike Maccagnan, naye akafukuzwa, akaja Joe Douglas. Yaani mwaka wa pili haujaanza, waliomtaka wameshafungasha virago, kabaki na mabosi waliomkuta tu.

Oktoba 2019, Jumatatu usiku, Jets wakiwa nyumbani dhidi ya Patriots. Darnold kavalishwa kipaza sauti cha televisheni. Alirusha pasi 32, zikafika 11, nne zikadakwa na wapinzani, mechi ikaisha 33-0. Akiwa amekaa benchi, kipaza sauti kikamnasa akisema anaona mizimu. Patriots walikuwa wanamtokea kila upande, hajui nani anakuja na nani anarudi nyuma. Marekani ikapata kichekesho cha wiki. Wachache sana walihoji ukuta wa kumlinda, wale wachezaji wanaosimama mbele yake, ulikuwa unafanya nini usiku ule.

Msimu wa 2020 Jets walipoteza mechi 13 mfululizo tangu mwanzo. Kisha wakawafunga Rams, wakawafunga na Browns, na kwa ushindi huo (mashabiki wengine walinuna!) chaguo la kwanza likaenda Jacksonville, waliomchukua Trevor Lawrence. Jets wakabaki na namba 2. Tarehe 5 Aprili 2021 wakamuuza Darnold kwa Carolina Panthers, na kwa namba 2 hiyo wakamchukua kwotabeki mwingine kijana, Zach Wilson.

Sasa tazama. Darnold msimu wake wa mwisho pale: tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) 9 za pasi, pasi 11 zilizodakwa na wapinzani. Wilson msimu wake wa kwanza: 9 na 11. Wamebadilisha sura, karatasi ya takwimu imebaki ile ile.

Linganisha na kwotabeki Josh Allen, wa drafti hiyo hiyo ya 2018, namba 7 kwa Buffalo Bills. Mwaka wa kwanza pasi zilizofika hazikuzidi asilimia 53. Bills hawakumgusa kocha wala meneja. Mwaka 2020 wakamletea Stefon Diggs wa kumrushia, na Allen akapanda hadi asilimia 69. Msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Haya, nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika vizuri ila suala la pesa umelipitia mbali. Mchezaji wa drafti ana mkataba wa miaka minne kwa mshahara uliopangwa. Wa raundi ya kwanza, timu inaweza kuongeza mwaka wa tano, lakini lazima iamue baada ya msimu wa tatu. Kwa Darnold uamuzi huo ulitakiwa Mei 2021. Panthers walipoukubali, ulikuwa zaidi ya dola milioni 18 kwa msimu mmoja. Kwa Wilson, Jets walianza kuhesabu upya kutoka mwaka wa kwanza, kwa bei ya chini. Meneja yeyote mwenye kikokotoo angefanya hivyo.

Na mbona Arizona hukuigusa? Timu yao, Cardinals, walimchukua kwotabeki Josh Rosen namba 10 mwaka 2018. Msimu mmoja tu, wakapata chaguo la kwanza la 2019, wakamchukua kwotabeki mwingine, Kyler Murray, Rosen akauzwa Miami. Watu waliita ukatili. Murray akatwaa tuzo ya mshambuliaji bora chipukizi mwaka huo huo, Rosen hakushika namba ya kudumu popote. Ungewaambia wavumilie?

Mchangiaji wa pili:

Mimi niko huku Illinois, acheni niseme ya Chicago Bears. Mwaka 2023 walikuwa na chaguo la kwanza, wakaamua kumpa kwotabeki wao Justin Fields muda. Chaguo wakawauzia Panthers, wakapata mpokeaji wa pasi DJ Moore na machaguo kadhaa, mojawapo likageuka kuwa la kwanza la 2024. Hapo wakamchukua kwotabeki mpya, Caleb Williams, na Fields akaenda Steelers kwa chaguo la raundi ya sita tu. Kuvumilia kuliwalipa, ila si kwa yule waliyemvumilia. Hiyo mnaiwekaje?

Mleta mada:

Ya Rosen nakupa, mkuu. Lakini Arizona walibadilisha na kocha papo hapo, wakamleta Kliff Kingsbury aliyekuwa akimtaka Murray. Walikuja na mpango mzima. Na hilo la mshahara ni kweli tupu, ila linaeleza kwa nini wanafanya, halithibitishi kwamba inafaa.

Darnold hakung'aa Carolina, sawa. Huko nako kocha Matt Rhule alifukuzwa katikati ya msimu wa 2022. Msimu wa 2024 Darnold akatua Minnesota kwa kocha Kevin O'Connell, na Justin Jefferson wa kumpa mpira. Ushindi 14, vipigo 3, tachidauni 35 za pasi. Mkono ni ule ule wa New York.

Mchangiaji wa kwanza:

Na Minnesota hao hao wakamwacha! Januari 2025 Rams wakamwangusha mara 9 na mpira mkononi, 27-9, msimu ukaishia hapo. Machi akaenda Seattle kwa dola milioni 100.5 za miaka mitatu, na nafasi akaachiwa kwotabeki kijana J.J. McCarthy, chaguo lao namba 10 la 2024. Hawa kocha wanaye, mfumo wanao, na bado wamemtaka kijana wa bei nafuu. Hapo utamlaumu nani?

Mleta mada:

Nawalaumu na wao. Mara tisa, ndugu yangu! Halafu angalia walichofanya baada ya pale: wakawanunua Ryan Kelly na Will Fries kuimarisha ukuta, na chaguo lao la raundi ya kwanza 2025 likaenda kwa mlinzi mwingine, Donovan Jackson. Maana yake ugonjwa waliujua. Dawa wakampa McCarthy.

Nasubiri watu wa Carolina waje na habari za Bryce Young, kwotabeki waliyemchukua kwa chaguo lile la Bears la 2023.