Mzigo wa kichwani na matumizi ya oksijeni: nishati inatoka wapi?

Mwl_Baiolojia aliuliza:

Ndugu wanajamvi, ninaandaa somo la upumuaji na matumizi ya nishati kwa wanafunzi wa sekondari, na kuna jambo moja ambalo sijaweza kulieleza. Mwaka 1980, C. Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba panya, mbwa, binadamu na farasi wanapokimbia wakiwa wamebeba mzigo, matumizi yao ya oksijeni, ambayo ni kipimo cha nishati wanayotumia, hupanda kwa uwiano uleule wa mzigo: ukibeba sehemu ya kumi ya uzito wako, oksijeni nayo huongezeka kwa sehemu ya kumi. Lakini mwaka 1986 Taylor huyohuyo, akishirikiana na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na watafiti wengine, aliandika katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kiluo, wanaobeba mzigo juu ya kichwa, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, walitembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila matumizi ya oksijeni kuongezeka. Nishati ya kuuchukua mzigo huo inatoka wapi? Je, kanuni ya kuhifadhika kwa nishati haivunjwi hapa?

Fiziolojia_Mwendo alijibu:

Mwalimu, kanuni haivunjwi. Mtu anayetembea kwenye uwanda ulio sawa kwa kasi isiyobadilika anaufikisha mzigo mwisho wa safari ukiwa kwenye kimo kilekile ulichoanzia, kwa hiyo fizikia haidai kazi yoyote ya kuuinua. Gharama tunayoilipa hutokana na namna misuli inavyofanya kazi: misuli hutumia nishati hata inapokaza tu bila kusogeza kitu, na katika kila hatua mwili hupanda kidogo, hushuka, hupungua kasi kisha huongezewa kasi. Swali basi ni kiasi gani cha nishati hiyo ya hatua moja hupotea, na kiasi gani huokolewa kwa ajili ya hatua inayofuata.

Kutembea hufanana na pendulumu, yaani uzito unaoning'inia na kubembea, iliyogeuzwa juu chini. Mguu unapokanyaga na mwili kupanda juu yake, kasi hupungua na nishati ya mwendo huwa nishati ya kimo. Mwili unaposhuka upande wa pili, nishati hiyo hurudi kuwa mwendo. Kwa binadamu asiye na mzigo, anayetembea kwa kasi inayomfaa, takriban asilimia 65 ya nishati huokolewa kwa njia hii, na kinachobaki lazima misuli ikijazie. Norman Heglund, Giovanni Cavagna na wenzao walirudi kwenye suala hili mwaka 1995 wakitumia mabamba yanayopima nguvu ya nyayo juu ya sakafu. Waliona kwamba wanawake wa Kenya walipobebeshwa mzigo, ubadilishanaji huo wa nishati uliongezeka, ilhali kwa Wazungu waliolinganishwa nao haukuongezeka. Uchambuzi wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa tofauti iko hasa pale mwili unapovuka kilele cha hatua na kuanza kushuka, mahali ambapo wengi wetu hupoteza nishati kila tunapokanyaga. Misuli ya wanawake hao ilikuwa na pengo dogo zaidi la kujazia, na akiba hiyo ndiyo iliyofidia gharama ya mzigo.

Naomba pia uzingatie kwamba vipimo vya mwaka 1980 vilihusu kukimbia. Mwendo wa kukimbia hauna pendulumu ya aina hii, kwa sababu kimo na kasi hupungua kwa pamoja, na nishati huhifadhiwa kwenye kano zinazovutika na kurudi. Kwa hiyo hakuna mgongano wa moja kwa moja kati ya matokeo hayo mawili. Kwa somo lako kuna mfano mzuri kutoka Australia: Baudinette na Biewener waliripoti mwaka 1998 kwamba walabi, mnyama wa jamii ya kangaruu, anaweza kuruka akiwa na mzigo wa asilimia 15 ya uzito wake mfukoni bila gharama kuongezeka. Naye anafidiwa, ila kwa kano badala ya pendulumu.

Binti_Nyanza alijibu:

Nashukuru kwa maelezo hayo, lakini namsihi mwalimu asiwaache wanafunzi wakiamini kwamba kuteka maji ni kazi isiyo na gharama. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni theluthi moja ya uzito wake, wakati kiwango kisichoongeza gharama kwake ni kilo 12 tu, na zaidi ya hapo oksijeni huanza kupanda. Tena vipimo vile vilihusu mahali palipo sawa. Akipanda mlima wa kimo cha meta 100, zile kilo 12 zinahitaji karibu kilojuli 12 za kazi halisi, na kwa kuwa misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati inayotumia kuwa kazi, mwili wake utatumia karibu kilojuli 47. Hapo pendulumu haimsaidii. Vilevile oksijeni haipimi maumivu ya shingo. Bibi zetu walijifunza kuweka kata, ile pete ya kukalishia mzigo kichwani, na kutuliza mzigo tangu wakiwa watoto, na hata watafiti wa mwaka 1986 walihusisha uwezo huo na mazoezi ya tangu utotoni.

Mpimaji alijibu:

Naungana na dada, na ninaongeza kwamba jambo hili halijafungwa. Mwaka 2010 Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini na hawakuona nafuu hiyo kwa jumla. Waliona tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Wapagazi wa Nepali, waliopimwa mwaka 2005, walibeba mizigo mizito sana, wanaume wakiwa na wastani wa asilimia 93 ya uzito wao, kwa gharama ndogo kuliko ya wanawake wa Kenya kwenye mizigo mizito. Hata hivyo, mwendo wao ulipochunguzwa baadaye, pendulumu yao haikuwa bora kuliko ya watu wa kawaida. Kwa maoni yangu, maelezo ya pendulumu ni imara kwa wanawake waliopimwa Kenya, lakini si sahihi kuyapeleka kwa kila anayebeba kichwani.

Mwl_Baiolojia aliandika:

Nimeelewa, nanyi nawashukuru. Shule yetu haina kifaa cha kupima oksijeni. Je, mapigo ya moyo yanaweza kutumika?

Fiziolojia_Mwendo alijibu:

Yanaweza, kwa tahadhari. Chagua uwanja ulio sawa, mwanafunzi atembee kwa kasi ileile bila mzigo na akiwa na mzigo mwepesi, kwa dakika tano au zaidi ili mapigo yatulie, kisha mpunguze idadi ya mapigo ya mapumziko kutoka kwa kila kipimo. Badilisheni mpangilio, wengine waanze na mzigo, ili uchovu usipotoshe matokeo. Walinganisheni waliozoea kubeba kichwani na wasiozoea. Mtu asiyezoea akihofia mzigo kuanguka, moyo wake utakwenda mbio kwa hofu hiyo, kwa hiyo mpeni kwanza siku chache za kujizoeza.