Binti yangu hana soshal, na maombi ya chuo yanakaribia kufungwa

Hamjambo ndugu zangu,

Nimesoma barua zenu miaka mingi bila kuandika. Leo imebidi. Binti yangu yuko darasa la kumi na mbili hapa Brooklyn Park, Minnesota. Nilikuja naye akiwa na miaka tisa kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, tukabaki. Sikuwahi kumwambia. Kila mwaka nilisema nitamwambia akikua, na kila mwaka nikamwona bado mdogo.

Jumapili nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee nikamkuta mezani na kompyuta, fomu ya maombi ya chuo iko wazi. Akauliza, "Mum, soshal yangu ni gani?" yaani namba ya Social Security ambayo serikali ya Marekani humpa mtu. Nilisimama pale na koti mwilini, funguo za gari mkononi, nikakosa la kusema. Akanitazama, akafunga kompyuta polepole, akasema, "Ni sawa, Mum." Tangu siku hiyo hajaifungua tena. Huyu ni mtoto wa A karibu kila somo, na anataka uuguzi.

Mama mmoja kanisani ananishauri nimwandikishe kama raia, eti hakuna anayekagua. Mwingine anasema bila makaratasi chuo ni cha wenye pesa. Baba yake alituacha mwaka wa pili baada ya kufika, hajapiga simu hadi leo. Mtoto atatimiza miaka 18 mwezi wa Februari. Tafadhali, mwenye kujua anieleze nianzie wapi.

Mama mwenzenu, Brooklyn Park

* * *

Re: Binti yangu hana soshal

Dada wa Brooklyn Park,

Pole sana, na ahsante kwa kuandika. Mimi hukaa na watoto wetu kwenye fomu hizi hapa Lowell, Massachusetts, huu mwaka wa tisa. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaacha kazi nilizokuwa nazo nikujibu.

Niseme kwanza lile ambalo likiharibika halitengenezeki. Binti yako asitie alama kwenye neno "raia", popote, kwa sababu yoyote. Tangu sheria ya uhamiaji ya 1996, mtu akijidai raia wa Marekani ili apate faida fulani, anaweza kufungiwa mlango wa makaratasi maisha yake yote. Kuzidisha viza huweza kusamehewa kwa njia kadhaa, kwa mfano kupitia ndoa na raia. Kujidai raia karibu hakuna msamaha. Nimemwona kijana aliyefanya hivyo kwa kisanduku kimoja tu cha fomu ya kazi, na baadaye mke wake raia hakuweza kumsaidia. Mwambie binti yako pia kuhusu wale vijana wenye meza nje ya bweni wanaoandikisha wapiga kura. Watamwita kwa tabasamu. Apite.

Kwenye fomu ya maombi, pale pa soshal aache wazi. Namba hiyo si lazima ili kuomba nafasi. Asiandike ya kubuni, wala asiazime ya mtu. Penye swali la uraia kuna chaguo la mtu asiye raia wa Marekani, na hapo atasema kweli.

Sasa hilo la chuo kuwa cha wenye pesa. Hakuna sheria ya serikali kuu inayomkataza mtoto asiye na makaratasi kuingia chuo. Kinachokatazwa ni kupewa pesa za serikali kuu, yaani ule msaada unaoombwa kwa fomu ya FAFSA. Kwa hiyo binti yako asijaze FAFSA. Haitampa hata senti, na itapeleka habari zake mahali pasipohitajika. Mambo mengine yote huamuliwa na jimbo, na majimbo hayafanani hata kidogo. South Carolina huwafungia watoto hawa vyuo vyote vya umma. Alabama nayo ina vizuizi vyake. Georgia huwafungia vyuo vyake vinavyogombaniwa zaidi. Kama ungekuwa huko ningekuandikia barua nyingine kabisa.

Lakini uko Minnesota. Tangu 2013 jimbo lenu lina sheria inayomruhusu mtoto kama wako kulipa karo ya mkazi wa jimbo, iliyo nafuu, badala ya karo ya mgeni, na pia kuomba msaada wa pesa za jimbo. Sharti kubwa ni awe amesoma sekondari Minnesota miaka mitatu na kumaliza huko huko. Watu huuliza kwa nini hesabu ni ya miaka ya shule na si ya kuishi. Ni kwa sababu ile sheria ya 1996 inazuia majimbo kutoa nafuu hii kwa kigezo cha ukazi peke yake, basi majimbo yakaifunga na shule. Ndiyo maana karatasi yenye thamani kuliko zote nyumbani mwako kwa sasa ni rekodi yake ya masomo. Achukue nakala rasmi shuleni wiki hii.

Fomu ya jimbo ni tofauti na FAFSA, na hutolewa na ofisi ya elimu ya juu ya Minnesota. Fomu hiyo hiyo ndiyo inayofungua mpango wa North Star Promise, ulioanza muhula wa vuli 2024, unaolipa karo iliyobaki katika vyuo vya umma kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Mshahara wa nyumba ya wazee, dada, naujua. Wewe umo humo.

Sitakuficha kwamba upepo umebadilika. Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Minnesota kwa sababu ya karo hii, na majimbo mengine yameshtakiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, apige simu ofisi ya jimbo aulize utaratibu wa siku hiyo. Tena si lazima ataje jina.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niache kazi. Umesema anatimiza 18 mwezi wa Februari na baba aliwaacha. Mtafute wakili wa uhamiaji sasa, si baada ya mahafali. Sheria haimhesabii mtoto siku za kukaa bila ruhusa mpaka afikishe 18. Kuanzia siku hiyo saa inatembea. Zikipita siku 180 kisha akatoka nchini, atazuiwa kurudi kwa miaka mitatu. Ukipita mwaka mzima, ni miaka kumi. Na mtoto aliyetelekezwa na mzazi, hata mmoja, anaweza kuwa na njia yake ya kupata makaratasi kupitia mahakama ya jimbo, mradi aombe kabla ya kufikisha miaka 21. Sisemi anayo. Nasema wakili aisikie habari ya baba kutoka kinywani mwako, maana mama zetu wengi huona aibu wakairuka, na nusu ya kesi iko hapo hapo.

Wakili, narudia. Si "mtaalamu wa makaratasi" wa ofisi iliyo juu ya duka. Mimi mwenyewe nilipofika nilimlipa mmoja dola 1,200. Aliniombea kitu nisichostahili na kuniachia barua ya kukataliwa. Mwombe mtu akuonyeshe leseni ya uwakili, au kibali cha Wizara ya Sheria cha kuwakilisha wahamiaji. Mashirika yasiyo ya faida yanayo watu wenye kibali hicho, na bei zao ni nafuu, pengine bure.

Mwisho kuhusu binti mwenyewe. Mwaka 2019, kabla Massachusetts haijapitisha sheria yake ya 2023, nilikuwa na kijana aliyepata nafasi chuo cha umma. Bili ya karo ya mgeni ilipofika aliikunja mara nne, akaiweka mfukoni, akaenda kupakia mizigo kwenye ghala. Hakulia wala hakulalamika, alisema tu ni sawa. Mtoto akisema "ni sawa" namna ile uliyoiandika, usimwache nalo. Kaa naye leo, umweleze yote, hata yanayokuaibisha. Anahitaji kujua kwamba kosa si lake na kwamba jambo hili lina njia.

Dada yako, Lowell

* * *

Re: Re: Binti yangu hana soshal

Wandugu, salamu kutoka Abilene, Texas.

Mimi ni baba wa watoto sita, Mkongo, tulikaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na sita kabla ya kuletwa huku. Hali yetu ni nyingine, lakini naomba niiseme maana kuna wazazi wengi wa kambini wanaosoma barua hizi, wakisikia "asijaze FAFSA" watadhani ni wao. Hapana. Mkimbizi anayo haki ya FAFSA tangu siku aliyoshuka ndege, hata kabla ya kadi ya kijani. Karatasi yenu ni ile I-94, rekodi ya kuingia nchini, yenye maneno ya kifungu cha 207, kile cha wakimbizi. Msaada wa Pell wa serikali kuu unafika dola 7,395 kwa mwaka, na si deni, haurudishwi.

Kijana wangu wa kwanza alipoteza mwaka mzima kwa sababu sikujua. Ofisi ya chuo ilimwona si raia, ikamweka pamoja na wanafunzi wa kutoka ng'ambo, wakamdai karatasi za viza ya masomo. Tulirudi nyumbani kimya. Mwaka uliofuata nikaenda mwenyewe na I-94, nikaweka kidole kwenye ile 207, nikaomba waite mkubwa wao. Alikuja, akasoma, akaomba radhi. Dakika kumi.

Angalieni pia majina na tarehe. Watoto wangu watatu wote "wamezaliwa" tarehe 1 Januari, kwani ndivyo walivyoandikwa kambini. Hilo si tatizo mradi tarehe iwe hiyo hiyo kila mahali. Tatizo ni jina. Sisi tuna jina, jina la ukoo na jina la ubatizo, na kila ofisi inayapanga inavyotaka. Kama shule imeandika hivi na Social Security imeandika vile, fomu itakataa. Anzeni kulinganisha ofisi ya Social Security, kisha shule, ndipo FAFSA.

Kwa mama wa Minnesota, nasikitika pamoja nawe. Texas ndiyo iliyotangulia nchi nzima kuwapa watoto hawa karo ya mkazi, mwaka 2001, na tarehe 4 Juni 2025 sheria hiyo ilianguka mahakamani siku ile ile iliyoshtakiwa. Rafiki wa binti yangu, mtoto wa Kenya, alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Tulimfanyia mchango kanisani. Kwa hiyo yule dada wa Lowell anaposema fanya wiki hii, mama, fanya wiki hii.

Baba wa sita, Abilene

* * *

Re: Re: Re: Binti yangu hana soshal

Shikamooni wakubwa.

Mimi nimekulia Washington, jimbo lililopitisha karo ya wakazi kwa watoto kama sisi mwaka 2003. Nilijaza fomu ya jimbo inayoitwa WASFA na nimemaliza chuo bila makaratasi. Kaka zangu wakubwa walikuwa na DACA, ule mpango wa serikali kuu wa kuwakinga walioletwa nchini wakiwa watoto. Mimi nilifika nchini baada ya Juni 2007 nikakosa, na siku hizi maombi mapya hayashughulikiwi, kwa hiyo dada huyu asilisubiri hilo.

Mama, msijifungie kwenye vyuo vya umma tu. Kuna vyuo binafsi vyenye pesa zao, visivyotegemea serikali. Vingine humhesabu mtoto aliyesoma sekondari hapa kama mwenyeji na kumjazia pengo lote la karo. Vingine humtia kwenye kundi la wageni wa kimataifa, ambako pesa ni chache. Njia ya kujua ni kuuliza. Mimi nilifungua anwani mpya ya barua pepe isiyo na jina langu nikaandikia vyuo kumi na kimoja swali moja fupi. Vinne vilijibu vizuri, na majibu yao ndiyo yaliyopanga orodha yangu. Vyuo hivyo vingi hutumia fomu ya CSS Profile, ya kuomba msaada wa pesa za chuo chenyewe, na pale pa soshal unaacha wazi. Ada ya fomu husamehewa kwa familia zenye kipato cha chini ya dola 100,000. Kuna pia ufadhili wa TheDream.US, uliowekwa kwa ajili ya watoto wasio na makaratasi.

Kuhusu uuguzi, aulize swali moja kabla hajachagua kozi: je, bodi ya leseni ya jimbo inadai soshal, na hospitali za mazoezi je? California kwa sheria ya 2014 inakubali namba ya kodi badala yake, lakini si kila jimbo. Mimi nililiuliza nikiwa mwaka wa tatu, nimeshachelewa, nikabadili kozi. Bado linaniuma.

Kama binti anataka kuongea na mtu aliyepita hapo, niandikie nje ya kundi.

Mdogo wenu, Tacoma

* * *

Re: Re: Re: Re: Binti yangu hana soshal

Ndugu zangu,

Jana usiku nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ndiyo sababu hatukwenda mazishi ya bibi yake. Nikasema ndiyo. Akaja akakaa kando yangu.

Wakili ametupa Alhamisi saa nne. Ameniomba nije na kila kitu kinachoonyesha baba yake hajatuma chochote, nami nimeanza kupekua sanduku. Rekodi ya masomo ameshaiomba shuleni leo asubuhi. Kijana wa Tacoma, nimempa anwani yako, atakuandikia mwenyewe.

Swali moja bado, dada wa Lowell. Fomu ya jimbo inauliza kipato changu, nami hulipa kodi kwa ile namba ya kodi, ITIN. Nasikia Aprili 2025 idara ya kodi iliingia mkataba wa kupeana habari na uhamiaji. Je, niendelee kujaza, au nimngoje wakili?

Mama mwenzenu, Brooklyn Park

* * *

Re: Re: Re: Re: Re: Binti yangu hana soshal

Mngoje wakili. Alhamisi si mbali. Liandike swali hilo juu kabisa ya karatasi yako, umuulize kabla ya kuzungumzia kitu kingine. Tarehe ya mwisho ya vyuo anavyovitaka niandikie leo, tuhesabu pamoja siku zilizobaki. Insha yake anaweza kuanza usiku huu huu, hiyo haiulizi namba.

Lowell